Kijiji Kilichofikiwa Nusunusu

Msikilizaji wangu, leo tunavuka mbali. Nataka twende kwenye kijiji cha pwani ambacho wenyewe hawakuwa wavuvi. Najua wasikilizaji wa Kizingitini na wa Tumbatu wameshaanza kuguna. Nyumba ziko hatua chache kutoka majini, samaki wamejaa baharini, halafu watu wanakula ndege? Naam, walikula ndege. Waliwachemsha, waliwakausha, walikula na mayai yao, na manyoya waliyonyonyoa ndiyo yaliyolipa kodi ya ardhi.

Kijiji hicho kiko Hirta, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la St Kilda, huko Uskoti. Nasema kikubwa, lakini usije ukafikiria Pemba au Mafia. Hirta yote ni kilometa sita na kitu za mraba. Kiko ndani kabisa ya bahari ya Atlantiki, kilometa 64 magharibi ya North Uist, ambayo nayo ni kisiwa ambacho Waskoti wenyewe wanakiona kiko mbali. Kuna ghuba moja tu ya kushukia, na hiyo ghuba ndiyo kijiji. Kwingine kote ni majabali yaliyosimama wima. Mlima wa Conachair una urefu wa mita 430, na upande wake wa kaskazini umekatika moja kwa moja hadi majini. Miti hakuna, hata mmoja. Upepo hauruhusu.

Samaki walivua, lakini kwa kuokoteza. Hapakuwa na gati wala bandari, na kushusha mashua kwenye mwamba unaopigwa na mawimbi ya Atlantiki ilikuwa kazi ya kuombewa dua. Sisi huku tunajua kusi ikishika vyombo vinalala. Kule, kuanzia Septemba mpaka Mei, chombo kufika au kutoka ilikuwa bahati nasibu. Ndege, kwa upande wao, walikuja wenyewe kila mwaka, kwa mamia ya maelfu, wakatua juu ya vichwa vya watu.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana hapo ndipo utakapowaelewa watu hawa. Kuna ndege anaitwa fulmari. Ukimwona utadhani ni shakwe. Hutaga yai moja tu, kwenye ukingo wa jabali ambapo hata mbuzi angekataa kusimama. Akishtuka hutema mafuta yenye harufu kali, na mafuta hayo ndiyo mali: yaliwasha taa, yalitumika kama dawa, na yaliuzwa nje. Kwa hiyo mwindaji hakutaka kumshtua. Alishushwa kwa kamba, miguu mitupu, vidole vya mguu vikishika mahali ambapo wewe na mimi tusingeona pa kushika. Akamfikia ndege kabla hajatema, akamnyonga, akamfunga mdomo ili mafuta yabaki ndani, akamning'iniza kiunoni na kumfuata mwingine. Juu yake yuko mwenzake, au kaka yake, ameishika ile kamba. Kamba yenyewe ilisukwa kwa ngozi au kwa singa za farasi, ikatunzwa, ikarithishwa. Mtu angeweza kufa maskini, lakini akiacha kamba nzuri, ameacha urithi.

Halafu kuna pafini, ndege mdogo mwenye mdomo wa rangirangi anayelala mashimoni. Huyo alikuwa kazi ya wanawake na wasichana, pamoja na mbwa wao. Na kuna ganeti, mkubwa, mweupe, mwenye ncha nyeusi za mbawa, ambaye hukaa kwenye kisiwa jirani cha Boreray na kwenye minara ya mawe iliyochomoza baharini kando yake. Ganeti aliwindwa usiku akiwa amelala. Watu walipelekwa kwa mashua, wakaachwa huko juu ya jiwe kwa siku kadhaa, mashua ikarudi kuwachukua. Hiyo mashua kurudi, msikilizaji, uikumbuke. Tutaihitaji.

Nyama hiyo waliihifadhi vipi, bila chumvi ya kutosha na hewa imejaa unyevu? Walijenga vibanda vidogo vya mawe makavu, bila udongo wala saruji, vikaezekwa kwa mawe na majani juu yake. Wenyewe wakiviita cleit. Upepo unapita katikati ya mawe, mvua inabaki nje, na ndege wanakauka taratibu. Hirta peke yake ina vibanda hivi zaidi ya 1,200, kutoka ufukweni mpaka vileleni. Kisiwa cha watu wasiofika mia mbili, kina maghala zaidi ya elfu moja! Mtu anayesema hawa walikuwa wavivu, na waliosema hivyo walikuwapo, hajawahi kubeba jiwe.

Wavivu waliitwa kwa sababu ya baraza lao. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili, wanaume wote wazima walikusanyika barabarani mbele ya nyumba. Hapakuwa na mwenyekiti, wala chifu, wala ajenda. Walizungumza hali ya bahari, nani anahitaji nini, kazi gani ya leo. Siku nyingine walikubaliana baada ya dakika chache, siku nyingine walibishana mpaka kazi yenyewe ikapitwa na wakati. Wageni waliliita Bunge, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli, na kuna picha maarufu ya karne ya 19 inayoonyesha wanaume hao wamesimama safu mbili, wenye ndevu, wametoa macho. Mimi Bunge lile nalipenda. Ndege walioletwa walilundikwa pamoja na kugawanywa kwa nyumba, na mjane asiye na mtu wa kumshukia jabali naye alipata fungu lake. Mashua ilikuwa ya wote. Na kama ungekuwa wewe ndiye unayening'inia kwenye kamba, je, usingetaka mwenye kuishika awe mtu aliyekubali kazi hiyo mbele ya kila mtu asubuhi?

Basi, habari za Hirta zikisimuliwa, husimuliwa hivi: palikuwa na kijiji kilichojitenga na dunia, kikaishi peke yake karne nyingi, mwisho upweke na bahari vikakishinda, watu wakahama. Ni hadithi tamu, lakini mimi siiamini. Ninavyoona mimi, Hirta haikuuawa na kutofikiwa. Iliuawa na kufikiwa nusunusu. Chombo kilikuja kiasi cha kuleta maradhi, lakini si kiasi cha kuleta daktari. Kilikuja kiasi cha kuleta tamaa ya bidhaa, lakini si kiasi cha kuleta bidhaa zenyewe kila mwezi.

Chukua ndui. Mwaka 1726 mtu mmoja wa Hirta alisafiri mpaka kisiwa cha Harris, akaugua ndui, akafia huko. Mwaka uliofuata nguo zake zikarudishwa nyumbani, kwa wema kabisa, jinsi sisi nasi tunavyorudisha vitu vya marehemu kwa jamaa zake. Ndui ikashuka pamoja na nguo. Katikati ya Agosti 1727, kabla ugonjwa haujajulikana, wanaume watatu na wavulana wanane walikuwa wamepelekwa kwenye Stac an Armin, mnara wa mawe wenye urefu wa karibu mita 200 unaosimama kando ya Boreray, kwenda kuwinda ganeti. Mashua ikarudi kijijini. Na haikwenda kuwachukua, kwa sababu waliobaki hai hawakutosha hata kupiga makasia.

Hebu fikiri. Agosti ikaisha. Septemba ikaingia. Kutoka juu ya jiwe lile waliiona Hirta kwa macho yao, kilometa chache tu ng'ambo ya maji, na hawakuona chombo. Hawakujua kulikoni. Walikula ndege na mayai, wakaishi kwenye kibanda cha mawe, wakapita baridi yote ya Atlantiki hapo juu. Walikuja kuokolewa Mei 1728, msimamizi wa mwenye kisiwa alipofika kwa ziara yake ya mwaka kukusanya kodi. Wote kumi na mmoja walikuwa hai. Kijijini, taarifa za wakati ule zinasema, walikuwa wamebaki watu wazima wanne na watoto 26.

Mwenye kisiwa, bwana wa ukoo wa MacLeod, alileta watu kutoka visiwa vyake vingine ili kijiji kipate wakazi. Kodi lazima ilipwe.

Kikohozi nacho kilikuja na meli. Tangu 1697, mwandishi Martin Martin alipotembelea kisiwa na kukuta watu kama 180, iliandikwa kwamba kila chombo kikifika, kijiji kizima huanza kupiga chafya na kukohoa. Walikiita kikohozi cha wageni. Wasomi wa London waliwacheka, wakasema huo ni ushirikina. Leo mtoto wa darasa la sita anaweza kukueleza kwamba jamii ndogo iliyokaa miezi bila mgeni haina kinga ya mafua mapya, na kwamba mgeni mwenye afya njema anaweza kuyabeba. Wanakijiji walikuwa wameona sawasawa. Walikosa tu mtu wa kuwasikiliza.

Na kuna jambo moja ambalo akina mama mnaonisikiliza mtalielewa kuliko mimi. Katika karne ya 19, watoto wachanga wa Hirta walikuwa wakifa kwa wingi wa kutisha. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya vizuri siku nne au tano. Kisha taya linakaza, anashindwa kunyonya, mwili unakakamaa, na ikifika siku ya nane hivi, amekwenda. Kuna vipindi ambapo zaidi ya nusu ya waliozaliwa walikwenda hivyo. Waliuita ugonjwa wa siku nane. Wakunga wetu hawahitaji kuambiwa: ni pepopunda, imeingia kwa kitovu. Ndiyo maana mama mjamzito huku kwetu anachomwa sindano kliniki, na ndiyo maana wembe wa kukatia kitovu lazima uwe mpya.

Kule watu waliambiana kuwa ni mapenzi ya Mungu, na wachungaji hawakuwakatalia. Mpaka katika miaka ya 1890, mchungaji mmoja, Angus Fiddes, alipokataa kukubali. Alikwenda Glasgow, akajifunza namna ya kusafisha na kufunga kitovu kwa dawa ya kuua vijidudu, akarudi na kulisimamia jambo hilo dhidi ya mazoea ya kijiji. Vifo vikakoma. Ilikuwa elimu ya siku chache na chupa za dawa. Meli zilikuwa zimeshafika kisiwani miaka mingi kabla ya hapo, zikileta watalii, zikileta peremende. Chupa ile haikuwa nzito.

Nimewataja wachungaji, basi niseme na hili haraka. Aliyekuwapo kabla ya Fiddes, Mchungaji John MacKay, alikaa kisiwani kuanzia 1865 hadi 1889 na alikuwa mkali. Jumapili ibada tatu, kila moja saa mbili au tatu, na watoto hawaruhusiwi kucheza. Ibada za katikati ya wiki pia. Kazi za ndege na za mashamba zilisubiri. Wapo waandishi wanaomlaumu yeye kwa kila kitu. Nadhani wanamzidishia, lakini mtu aliyechoka na kulowa, kumkalisha kwenye benchi saa nane kila Jumapili, ni mzigo pia.

Turudi kwa meli. Kuanzia miaka ya 1870 meli za mvuke zilileta watalii kila kiangazi. Msikilizaji wa Lamu au wa Unguja atanielewa bila maelezo marefu. Mgeni anashuka na mwavuli, anashika pua kwa harufu ya mafuta ya ndege, anachungulia ndani ya nyumba ya mtu bila hodi. Anataka mzee ashuke jabali ili aone. Anataka wasichana wapange mstari apige picha. Kisha anarudi mjini na kuandika kwamba aliwakuta watu wa kale, wasiojua thamani ya fedha. Mwaka unaofuata anakuja mwingine, anakuta wanakijiji wameshajua thamani ya fedha: picha ina bei, yai la ndege lina bei, soksi za sufu na kitambaa kizito wanachofuma wanaume wakati wa baridi vina bei. Naye anaandika kwamba wameharibika, wamekuwa walafi. Hapo katikati sijui walitakiwa wafanye nini.

Fedha ile iliingia wakati ambapo mali ya zamani inaporomoka. Mafuta ya taa ya viwandani yalipoenea, mafuta ya fulmari yakapoteza soko. Manyoya nayo yakashuka bei. Unga, chai, sukari na tumbaku vikawa vitu vya kununuliwa, tena kutoka meli ambayo huenda isije. Hata nyumba ziliingia katika habari hii. Nyumba zao za zamani zilikuwa na kuta nene za mawe na paa la majani, zenye giza na moshi, lakini zenye joto. Mwaka 1860 dhoruba kali iliziharibu nyumba za kijiji, na mwenye kisiwa akajenga nyumba mpya 16, zimejipanga kwa mstari uliopinda kufuata ghuba, kuta zilizonyooka, madirisha ya vioo, paa la mabati ya zinki. Zilikuwa nzuri kutazama. Aliyewahi kuhama kutoka nyumba ya makuti kwenda ya mabati anajua sehemu iliyobaki: paa linapiga kelele usiku kucha, linatiririsha jasho ndani, na upepo wa kwanza wa maana unaling'oa. Na bati likitoboka, hulikati porini kama majani. Unasubiri meli.

Kwa kuomba msaada walitegemea kitu ambacho mimi hunichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Mwaka 1877 mwandishi wa habari mmoja, John Sands, alikwama Hirta wakati wa baridi pamoja na mabaharia wa meli ya Austria iliyozama, na chakula kikaanza kuisha. Akaandika barua, akaifunga kwenye boya la kuokolea watu, akalitupa baharini. Lilifika Uskoti, na manowari ikaja kuwachukua mabaharia. Wanakijiji wakachukua ujuzi huo na kuuboresha. Walichonga kipande cha mti mfano wa kimashua, wakatoboa shimo katikati, wakaweka ndani kopo au chupa yenye barua na pesa ya stempu, wakafunika, wakafunga kibofu cha kondoo kilichojazwa hewa ili kielee. Kisha wakasubiri upepo wa kaskazini-magharibi. Nyingi ziliokotwa pwani ya Uskoti. Nyingine zilikwenda Norway. Basi mtu ana mgonjwa ndani, barua yake ya kuomba daktari inasoma hali ya hewa ya Norway.

Mwaka 1912 chakula kilipungua tena, na magazeti yakapiga kelele. Mwaka 1913 mtambo wa simu ya upepo ukafungwa kisiwani kwa msaada wa gazeti la London. Ulizungumza kwa muda mfupi, ukanyamaza. Ikaja vita kuu ya kwanza ya dunia, na jeshi la majini likakumbuka kwamba Hirta ni mahali pazuri pa kuchungulia Atlantiki. Wanajeshi wakakaa kijijini. Simu ya upepo ikafanya kazi kila siku, barua zikaja, vyakula vikaja, vijana wakalipwa mshahara wa kazi. Kwa mara ya kwanza kijiji kilikuwa kimefikiwa kamili. Mei 15, 1918 nyambizi ya Wajerumani ikaingia ghubani na kupiga mizinga karibu 70, ikivunja kituo cha mawasiliano na kuharibu nyumba kadhaa na ghala. Hakufa mtu. Inasemekana alikufa mwanakondoo mmoja. Baada ya hapo serikali ikaleta mzinga mkubwa wa kulinda ghuba, na mzinga huo haukumpiga adui hata mara moja. Bado uko pale.

Vita vilipoisha, wanajeshi wakafunga mizigo. Wakaondoka na mshahara, na barua za kila mara, na sauti ya simu ya upepo. Wakaacha mzinga.

Hapo ndipo vijana walipoanza kuondoka, na huwezi kuwalaumu. Kijana aliyeonja mshahara na habari za dunia kwa miaka minne, unamwambia arudi kusubiri kibofu cha kondoo kifike Norway? Kuhama kwenyewe hakukuwa kugeni. Mwaka 1852 watu 36 kati ya kama mia moja na kumi walipanda meli kwenda Australia, na wengi wao wakafa safarini au karantini. Lakini safari hii aliyeondoka hakwenda mbali, alikwenda Glasgow, akaandika barua nyumbani kwamba kuna kazi. Mwaka 1920 walikuwa watu 73. Mwaka 1926 mafua yakaua wanaume wanne. Mwaka 1928 walikuwa 37.

Sasa ile mashua niliyokuomba uikumbuke. Wanaume wanne kwa mji mkubwa si kitu, Mungu atusamehe kusema hivyo. Kwa Hirta walikuwa mashua nzima. Kusukuma chombo majini kunahitaji idadi fulani ya mabega, na kamba ya jabalini inahitaji mtu juu na mtu chini. Kondoo wa kwenye visiwa vya pembeni wanahitaji watu wa kuwafuata. Ikishuka chini ya idadi hiyo, hata kama waliobaki wana afya na chakula, kijiji hakifanyi kazi tena. Wajane wanaogawiwa fungu wanabaki, wanaoleta fungu hawapo.

Baridi ya mwanzo wa 1930 ilikuwa mbaya. Mwanamke mmoja kijana, mjamzito, aliugua Januari, na bahari haikuruhusu kumtoa mapema. Alipofikishwa Glasgow, alifia hospitalini, na kitoto chake pia. Muuguzi aliyekuwa akiishi kisiwani alizungumza na kila nyumba. Mei 10, 1930, wakaandika barua kwa serikali. Ni barua fupi, ya watu wenye akili timamu, haina machozi. Inaeleza kwamba nguvukazi imepungua, kwamba baadhi ya wanaume wameshaamua kuondoka, na wakiondoka hao waliobaki hawataweza kukaa baridi nyingine. Kwa hiyo wanaomba wasaidiwe kuhama wote, na wapewe nyumba na kazi.

Serikali iliwajibu upesi kuliko ilivyowahi kujibu maombi yao ya meli ya barua.

Agosti kondoo na ng'ombe wakatangulizwa kwa meli. Mbwa hawakuchukuliwa, walifungiwa mawe shingoni na kuzamishwa ghubani. Asubuhi ya Agosti 29, kila nyumba iliachwa na Biblia iliyofunguliwa na rundo dogo la nafaka ya oti, milango ikafungwa. Watu 36 wakapanda manowari ya HMS Harebell: wanaume 13, wanawake 10, wasichana wanane na wavulana watano. Kazi ambayo wanaume wengi walipewa kule Morvern, upande wa bara, ilikuwa ya misitu. Naomba nirudie, kwa faida ya aliyekuwa akichota maji. Watu waliotoka kisiwa kisicho na mti hata mmoja walipangiwa kazi ya misitu.

Wengine walirudi kila kiangazi miaka ya 1930, kufuma vitambaa na kuwauzia watalii kwenye milango ya nyumba zao wenyewe, kwa ruhusa ya mmiliki mpya aliyekinunua kisiwa mwaka 1931 kwa sababu alipenda ndege. Ilipofika vita ya 1939, desturi hiyo nayo ikakatika. Wa mwisho kati ya wale 36 alifariki mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 93.

Kisiwa leo ni mali ya shirika la kuhifadhi urithi la Uskoti, na UNESCO imekiweka katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1986, kwanza kwa ajili ya ndege na mandhari, baadaye pia kwa ajili ya utamaduni wa watu wasiokuwapo. Boti za watalii zinatoka Harris na Skye, zinarudi jioni.

Lakini wapo wanaolala. Mwaka 1957 jeshi la Uingereza lilihitaji mahali pa kuweka rada za kufuatilia makombora yanayojaribiwa kutoka visiwa vya jirani, na jicho lao likaangukia ghuba ile ile. Wakachimba barabara mpaka mlimani. Wakaleta jenereta, nyumba zenye joto, mawasiliano ya saa zote, na vyombo vya kushusha mizigo ufukweni, na baadaye helikopta inayotoka Benbecula. Bahari haikuwa imetulia tangu 1930, wala upepo haukupungua. Na pale pale, hatua chache kutoka kanisani ambako wanakijiji wale walikalishwa ibada tatu kila Jumapili, wanajeshi wakafungua baa. Waliiita Puff Inn, kwa utani wa jina la yule ndege wa mashimoni, na kwa miaka mingi bia haikukosekana.